Gesi, presha kuka ya umeme au mkaa: nimepika maharage yale yale mara tatu nikapima

Jumamosi iliyopita nimefanya kitu nilichokuwa nakitaka muda mrefu sana. Nimenunua maharage ya njano ya Mbeya kilo moja na nusu, yote kutoka gunia moja, siku moja, nikayagawa nusu nusu kilo kwenye mabakuli matatu nikayaloweka usiku kucha, asubuhi nikayapika kwa moto wa aina tatu: bakuli la kwanza kwenye gesi, la pili kwenye presha kuka ya umeme, la tatu kwenye jiko la mkaa nje kibarazani. Mtungi nikaubeba begani mpaka dukani kwa Mangi akanipimia kwenye mizani yake ya digitali kabla sijawasha, nilipomaliza nikaurudisha akapima tena. Upande wa umeme nikazima friji, nikachomoa tivii na chaja zote, nikaandika kwenye kiganja kwa peni uniti zilizobaki kwenye LUKU, yani mita ya umeme wa kulipia kabla, ndo nikawasha.

Majibu haya hapa. Gesi imechukua saa moja na dakika 40 mpaka maharage yakawa ya kupondeka kwa vidole viwili, na mtungi umepungua gramu 210. Mimi mtungi wa kilo 6 najaza kwa shilingi 24,000, kwa hiyo kilo moja ni 4,000 na ile sufuria moja imekula kama 840. Presha kuka imechukua dakika 18 kupanda presha, dakika 25 za kupika, halafu nikaiacha ishuke yenyewe kama dakika 20 hivi, mita ilikuwa 41.92 ikasoma 41.55, yani uniti 0.37. Uniti ninazonunua mimi ukishaweka kodi na tozo zote zinakuja kama 356 kwa hiyo hapo ni shilingi 132. Mkaa nilinunua wa 2,000 ukabaki kidogo chini ya kopo, tuseme umetumika wa 1,500, na muda ni masaa mawili kasoro ukihesabu na kuwasha na kupepea.

840, 132 na 1,500, kwa maharage yale yale ya nusu kilo.

Hizo ni namba za jikoni kwangu, Mbagala, na bei ninazonunulia mimi, wewe weka za kwako. Ila hata ukizisogeza huku na huku bado pengo ni kubwa mno, na ndo maana nimeamua kuliandika hili kwa kirefu, kwa sababu karibu kila mtu ninayeongea naye anaogopa kupikia umeme kwa neno moja tu: unakula. Mama yangu anasema hivyo, shemeji yangu anasema hivyo, fundi aliyekuja kunifungia soketi ya jikoni naye kanionya, "bro, hilo litakumaliza". Na hao hao ndo wanachemsha makongoro kwenye gesi masaa matatu bila wasiwasi wowote, kwa kuwa gesi ikishalipiwa imelipiwa, haioneshi namba ikishuka, wakati mita ya LUKU inakuonesha mbele ya macho na ikikaribia kuisha inapiga kelele kabisa.

Tatizo linaanzia kwenye wati. Presha kuka yangu imeandikwa wati 1000 na mtu akiona 1000 anashtuka. Lakini wati ni kama spidi ya gari, uniti ndo kilomita ulizotembea. Wati 1000 ukiziwasha saa nzima mfululizo bila kuzima hata sekunde ndo unapata uniti moja, na presha kuka haikai imewaka saa nzima, inawaka mpaka presha ipande, inajizima, joto likipungua inawaka tena kidogo. Ukikaa karibu unasikia kabisa, kile kibonyezo cha ndani kinafanya tik, kimya, baada ya dakika mbili tatu tik tena. Mwili wake umezungushiwa ganda la pili kwa nje kwa hiyo joto halitoki ovyo. Mi nimeweka mkono ubavuni mwa presha kuka katikati ya mapishi ni vuguvugu tu, ukifanya hivyo kwenye sufuria iliyo juu ya gesi utajua mwenyewe.

Sasa kwenye gesi hela inaenda wapi? Hapa ndo pana sayansi nzuri ambayo nadhani tungefundishwa shuleni kwa mfano wa maharage tusingeisahau. Kuyatoa maji lita moja kutoka kwenye ubaridi wa bomba la Dar, nyuzi 27 hivi, mpaka yachemke nyuzi 100, kunahitaji joto la kiasi fulani. Kuyafanya maji hayo hayo yaliyokwisha chemka yaishe yote kuwa mvuke kunahitaji joto zaidi ya mara saba ya hilo. Mara saba! Halafu sufuria ya wazi maji yakishafika 100 hayaendi juu ya hapo hata uweke moto wa kuyeyushia chuma, moto wote wa ziada unageuka mvuke unapaa darini. Kwa hiyo ule mtindo wetu wa kuacha maharage yatokote kwa nguvu, maji yanapungua, unaongeza kikombe, yanapungua unaongeza tena, kila kikombe unachoongeza umeshalipia kile kilichoruka. Maharage hayataki moto mkali, yanataka kukaa kwenye joto muda mrefu tu. Ukifunika mfuniko na kupunguza moto wa gesi mpaka uone vimapovu vidogo vidogo tu, unaweza kuokoa gesi nyingi kabla hata hujanunua kitu kipya, hili lianze leo.

Presha kuka inafanya mambo mawili kwa pamoja, inazuia mvuke usitoke, na kwa kuwa mvuke umebanwa humo ndani maji yanachemkia kwenye nyuzi za juu zaidi, haya ya umeme mengi yanafika kama 115 hivi. Nyuzi hizo 15 za ziada ndo zinazogeuza saa moja na nusu kuwa dakika 25. Kitu chenyewe sio kigeni hata kidogo, Mfaransa Denis Papin alitengeneza chungu cha namna hii mwaka 1679 akawaonesha wanasayansi wa Royal Society pale London, kikilainisha mpaka mifupa, na yeye ndo aliyekiwekea valvu ya kupumulia ili kisipasuke. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna kompyuta ndogo inayosimamia badala ya wewe kukaa na kukisikiliza kinapiga filimbi.

Na ndugu zangu wa nyanda za juu, hili linawahusu nyie kuliko sisi wa Pwani. Kadiri unavyopanda mlima maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi moja inapungua kwa kila mita 300. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo maji pale yanachemka kwenye 94 hivi, Njombe ndo chini zaidi ya hapo. Ndo maana mtu akihamia Njombe kutoka Dar analalamika maharage ya huku hayaivi, anadhani ni mbegu, kumbe ni hewa. Nairobi vilevile. Ukiishi huko presha kuka inakuokolea muda na hela kuliko hata mimi ninavyookoa hapa Mbagala.

Ila sasa nisije nikaonekana nauza presha kuka, kwa sababu kuna mambo haiwezi na ukinunua bila kujua utajuta. Ugali, hapana. Nimejaribu. Ile sufuria ya ndani haina mshikio wa kuishika vizuri, inazunguka, ukisonga kwa mwiko wa nguvu unakwangua rangi ya ndani, na moto wake unawaka na kuzima wenyewe wakati ugali unataka moto unaoutawala wewe. Chapati ndo kabisa usiwaze. Maandazi, samaki wa kukaanga, chipsi, chochote cha mafuta mengi, usithubutu, na mafuta mengi ukayafungia mfuniko wa presha ni hatari ya kweli. Chai ya asubuhi kwa watu wawili, gesi inamaliza kabla presha kuka haijajipanga. Mayai, mboga za majani za dakika tano, kukaangiza kitunguu na nyanya, hapo gesi haina mpinzani, unawasha, unapika, unazima, moto unausoma kwa macho.

Halafu makande, maharage, choroko, mbaazi, nyama ya ng'ombe mzee, kuku wa kienyeji yule mwenye misuli, utumbo, makongoro, ndizi na nyama, hivi vyote vipeleke presha kuka bila kujadili. Makongoro kwenye gesi mi yalikuwa yananichukua karibu masaa matatu, sasa ni kama saa moja na supu inaganda kwenye friji kama jeli. Wali unaiva vizuri ila hakuna ukoko, kwa watoto wa nyumbani kwetu hilo ni jambo zito kidogo.

Kwa maharage kuna mambo mawili matatu ya kuzingatia ambayo kijitabu kinachokuja na boksi hakisemi vizuri. Usijaze zaidi ya nusu, maharage yanatoa povu na povu likipanda linaziba valvu. Ndo hiyo hiyo sababu usifungulie mvuke kwa haraka, iache ishuke yenyewe, na hizo dakika 20 za kushuka bado yanaiva bure bila umeme. Acha magadi. Wengi tunaweka magadi ili yaive haraka na ni kweli yanalainisha, lakini yanaua vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na ukiwa na presha huna sababu ya kuyaweka. Na kama presha kuka yako ina kitufe cha kupika polepole kwa joto dogo masaa sita saba, usikitumie kwa maharage mekundu mabichi. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoitwa lektini, inakufa yakichemka sawasawa, lakini kwenye joto dogo lisilofika kuchemka haifi, na mtu anaweza kutapika vibaya sana kwa punje chache tu. Kwa presha ya kawaida hilo halikusumbui.

Kuhusu usalama, hapa kila mmoja ana hofu yake. Mama nilipompelekea ya kwake pale Lushoto aliishika kwa kitambaa ikiwa hata haijachomekwa. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimepikia mafiga matatu toka nikiwa na miaka saba, hilo dude likilipuka utamwambia nini baba yako." Nikaiwasha, presha ilipopanda nikamwambia shika hapa mama, nikamwonesha mfuniko, presha ikiwa ndani mfuniko haufunguki hata ukiuvuta kwa nguvu zako zote, kuna kipini kidogo kinapanda juu kinaufunga, kikishuka ndo unafunguka. Akauvuta, ukagoma. Akauvuta tena. Nikamwacha akae nayo mwenyewe, jioni nikamkuta anamwonesha jirani yake kile kipini.

Hatari ya presha kuka ninayoiogopa mimi iko kwenye waya. Wati 1000 kwa umeme wetu wa volti 230 ni ampea 4 na kitu, sio nyingi, lakini zile eksteni za bei rahisi zenye waya mwembamba kama uzi wa viatu hazikutengenezwa kwa ajili hiyo, ukiweka presha kuka, pasi na birika kwenye eksteni moja unatafuta moto. Chomeka ukutani moja kwa moja. Kama soketi inakuwa ya moto ukiigusa, acha, ita fundi.

Gesi yenyewe tunayopikia, LPG, ni propeni na buteni, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, inashuka inatambaa sakafuni, inajikusanya kwenye kona na chini ya makabati. Kiasili haina harufu, ile harufu ya yai bovu imeongezwa makusudi ili uijue. Ukiisikia usiwashe taa, usizime taa, usiguse swichi yoyote, funga mtungi, fungua milango, toka. Kila unapobadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye rejuleta na kwenye maungio ya mpira, ukiona mapovu yanakua ujue pana tundu. Na mpira wa gesi una umri, ukianza kupasuka pasuka badilisha, ni hela ndogo. Kitu kingine, kwenye mtungi kumeandikwa uzito wa mtungi mtupu, toa huo kwenye uzito wa mtungi uliojazwa utajua kama umepewa kilo 6 kweli. Mi toka nianze kupeleka mitungi kwenye mizani kuna sehemu moja nimeacha kununua.

Watu wanachanganya pia hii gesi na gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara. Ile ni metheni, nyepesi kuliko hewa, inasafiri kwa bomba, na sehemu kubwa inachomwa kuzalisha umeme. Hii ya mtungi inakuja kwa meli kutoka nje. Kwa hiyo ukikaa ukafikiri, anayepikia umeme Dar ndo anapikia gesi ya Songo Songo pamoja na maji ya Rufiji. Lile bwawa la Julius Nyerere lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, ya kwanza ilianza kazi Februari 2024, na mimi kama mpikaji ndo nimeanza kupata ujasiri wa kutegemea umeme jikoni tangu kipindi hicho. Kabla ya hapo nilipitia ule mgao wa 2023 nisingemshauri mtu.

Umeme bado unakatika, tusidanganyane. Juzi umekatika dakika kama 15 baada ya presha kupanda, nikasema haya imekula kwangu, nikaiacha tu bila kuifungua. Baada ya saa nzima nimefungua maharage yameiva, kwa sababu lile ganda limeshika joto lote. Jaribu hilo kwenye plet ya gesi iliyoishiwa katikati. Tatizo linalosumbua zaidi ya kukatika ni umeme mdogo, zile jioni taa zinakuwa za njano. Nguvu ya jiko la umeme inashuka kwa kasi kuliko volti zenyewe, volti zikishuka kutoka 230 mpaka 180 jiko la wati 1000 linabaki na kama 610 tu, presha inachukua zaidi ya mara moja na nusu ya muda kupanda. Mtaa kama ni wa hivyo pika mchana, chakula cha jioni kipashe kwenye gesi.

Ukiwa na mita ya watumiaji wadogo, hii D1, soma hapa vizuri. Uniti 75 za kwanza za mwezi unauziwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, zikizidi hapo bei inaruka mpaka 350. Presha kuka ikipika mara mbili kwa siku kwa makadirio yangu ni kama uniti 24 kwa mwezi. Kama ulikuwa unatumia 40 uko salama na utapika karibu na bure. Kama ulikuwa tayari unagusa 65 au 70, utavuka, na hesabu yote inabadilika, bado inaweza kuwa nafuu kuliko gesi ila sio ile nafuu uliyoitarajia. Na usipime matumizi kwa kuangalia hela uliyotuma kwenye simu, kodi ya jengo inakatwa humo humo, mtu ananunua umeme mwanzo wa mwezi anapata uniti chache anasema presha kuka imekula. Angalia mita kabla na baada, basi.

Kwa wapangaji wa chumba kimoja mita ya pamoja, huu ndo ugomvi mkubwa na nawaelewa. Ukiingia na presha kuka nyumba ya wapangaji sita, umeme ukiisha mapema wewe ndo utatajwa, hata kama ni yule mwenye pasi na hita ya maji ya kuoga inayovuta mara mbili yako. Hapo ushauri wangu ni mita ndogo ya kwako binafsi fundi akufungie ndani, kila mtu alipe alichotumia, au kama mwenye nyumba hataki basi baki na gesi ya kilo 6 uishi kwa amani. Amani ya nyumba ya kupanga ina thamani kuliko shilingi 700 za maharage.

Majiko mengine ya umeme nitapita haraka. Lile la koili jekundu la bei chee, hilo ndo lililotupa sifa mbaya ya "umeme unakula", linawaka muda wote na sufuria yake iko wazi, sikushauri kwa chakula cha kuchemsha. Induksheni ni zuri na lina kasi ila linataka sufuria inayonasa sumaku, sufuria zetu za alumini hazifanyi kazi juu yake hata moja, kwa hiyo ongeza gharama ya sufuria.

Mkaa sasa. Nimekulia kwenye mkaa na pilau ya bibi yangu ilikuwa inapaliwa, unaweka makaa juu ya mfuniko mpaka juu inakauka na ile harufu inashuka ndani ya mchele, hakuna kitufe kinachofanya hivyo na sitadanganya mtu kwamba kipo. Mahindi ya kuchoma, mishkaki, samaki wa kuchoma, mkaa, nje, na upepo, nakubali kabisa. Lakini maharage ya kila siku kwa mkaa, hapana tena. Matanuri ya udongo yanakula kilo 6 mpaka 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, kwa hiyo ile sufuria yangu ya nusu kilo ya maharage imepikwa na gogo zima. Na moshi usiouona ndo mbaya zaidi, kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Kila msimu wa baridi tunasikia familia ya Makete, ya Arusha, ya huko Lushoto kwetu, wameingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto wakafunga madirisha, asubuhi majirani wanavunja mlango. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Mimi kwangu namba hiyo ina sura, ni mama anapangusa macho na kona ya khanga na kile kikohozi chake cha asubuhi ambacho tulikuwa tunasema ni umri.

Serikali ilizindua ule mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na siku chache baadaye Rais Samia alikuwa Paris kwenye mkutano wa dunia wa jambo hili ambako zilitolewa ahadi za dola bilioni 2.2. REA, wakala wa nishati vijijini, nayo imekuwa inapeleka mitungi ya kilo 6 vijijini kwa nusu bei. Nafurahi. Ninachoomba ni kwamba tusiishie kwenye mtungi wa kwanza, maana mtungi ukiisha na mtu hana 24,000 kwa mkupuo anarudi kwenye mkaa wa 1,000 kwa siku. Umeme angalau unanunua wa 1,000 unapika maharage siku kadhaa. Hilo kwa mtu wa kipato cha siku kwa siku ni kubwa kuliko ufanisi wowote wa kisayansi.

Kwa hiyo unanunua nini? Kama unaanza maisha, una chumba na hela ya kitu kimoja tu, anza na gesi ndogo, kwa sababu ugali na chai haviepukiki. Kama gesi unayo na unafikiria kupanda kwenda mtungi wa kilo 15 kwa kuwa wa 6 unaisha upesi, subiri kwanza, hiyo hela nunua presha kuka, mtungi wako wa 6 utashangaa unavyodumu, wa kwangu ulikuwa unaisha wiki tatu sasa unakwenda mwezi na nusu. Kama nyumba ina watu sita saba na mnapika makande au maharage karibu kila siku, presha kuka ndo iwe ya kwanza kabisa, na chukua ya lita 6 au 8, ndogo utaichukia kwa ile sheria ya kutojaza zaidi ya nusu. Kama kwenu umeme unakatika siku nzima nzima, gesi, na usinunue presha kuka kwa kufuata mkumbo.

Ukienda dukani usiangalie vitufe vingi. Ulizia raba ya mfuniko inapatikana wapi kabla hujalipa, hiyo ndo inayoisha kwanza, ya kwangu ya mwanzo ilianza kuvujisha mvuke baada ya mwaka na duka nililonunulia hawakuwa nayo, nikazunguka Kariakoo siku mbili. Ukiweza chukua yenye sufuria ya ndani ya chuma kisichopata kutu, inaganda kidogo chini lakini haibanduki rangi. Mama yeye ameshanipigia, Desemba nikipanda Lushoto nimpelekee raba mbili za akiba, moja ya kwake na moja ya yule jirani.